Baiskeli yangu mpya ya milimani na nilivyoiandaa

Hatimaye nimepata baiskeli ya milimani niliyoitamani kwa muda mrefu: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, breki za diski za haidroliki, na shokapu ya mbele ya upepo yenye mwendo (umbali inaoweza kudidimia) wa milimita 120. Nina furaha isiyofichika. Hata hivyo, kabla ya kuipeleka kwenye mawe na mizizi, niliilinganisha kwanza na mwili wangu.

Nilianza na kiti. Niliegemea ukuta, nikaweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, nikapandisha kiti mpaka mguu ukanyooka. Ukikanyaga kawaida baada ya hapo, goti linabaki limekunjika kidogo tu.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya shokapu. Kwenye mguu wake mmoja kuna pete nyembamba ya mpira inayoonyesha shokapu imedidimia kiasi gani. Niliisukuma hadi chini, nikapanda taratibu nikiwa na kofia, viatu na begi la maji, maana uzito huo wote ndio ninaokwenda nao mlimani, kisha nikashuka bila kuitikisa baiskeli. Pete ilikuwa imepanda milimita 15 tu, yaani upepo umezidi. Nikapunguza kidogo, nikapima, nikapunguza tena, mpaka ikasimama karibu na 25, kama sehemu moja ya tano ya mwendo wote. Tofauti niliisikia viganjani: gurudumu lililokuwa linadunda juu ya mawe sasa linayafuata.

Breki mpya nazo hazishiki sawasawa mpaka zizoeshwe. Kwenye barabara tambarare isiyo na magari, unaongeza mwendo, unabana breki moja polepole mpaka ukaribie mwendo wa kutembea, halafu unaachia kabla gurudumu halijasimama. Hurudiwa kama mara 20 kwa kila breki. Pedi huacha utando mwembamba kwenye diski, na huo ndio unaoipa breki nguvu. Diski yenyewe usiishike kwa vidole vyenye mafuta. Nawaheshimu sana wale vijana wa California walioshindana kuteremka mlima mwaka 1976 kwa baiskeli nzito za zamani. Breki yao ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ikipata moto mpaka grisi inaungua na kutoa moshi, na ilibidi kitovu kifunguliwe kijazwe grisi mpya.

Baada ya safari za mwanzo nilikagua bolti zote na kukaza waya wa gia, kwa kuwa waya mpya hulegea kidogo ukishaanza kazi.

Sasa nafanya mazoezi kwenye miteremko mifupi: pedali zikiwa usawa mmoja, viwiko vimekunjika, macho yanatazama mbele badala ya tairi, na breki nabana kabla ya kona. Begi liko tayari: tyubu ya akiba, vyuma vya kutolea tairi, pampu ndogo, spana na kiungo cha mnyororo. Safari ninayoiwazia ni ya msituni, kupanda asubuhi yote kwa gia nyepesi kisha kuteremka njia nyembamba hadi chini. Nasubiri udongo ukauke tu, kwa sababu magurudumu kwenye tope huchimba mifereji na kuiharibia njia kila atakayepita baadaye.