Kutoka Barking hadi Clare: kumtafuta mjane wa miaka 26

Njia yangu ya kwenda sokoni hapa Barking, mashariki mwa London, inakatiza kwenye magofu. Kuta zimebaki chini chini, nyasi zimekatwa vizuri, na asubuhi utawakuta wazee wameketi juu ya mawe hayo wakiota jua kama lipo. Palikuwa na nyumba kubwa ya watawa wa kike, iliyoanzishwa mwaka 666 na kuvunjwa mwaka 1539. Nimepita hapo miaka minne, mkoba wa mboga mkononi, bila kujua kwamba mwaka 1322 mama mmoja wa miaka 26 alifungiwa humo pamoja na watoto wake. Mumewe ametoka kufa. Ardhi zake zote zimekamatwa na mfalme, na mfalme mwenyewe ni mjomba wake.

Mama huyo ni Elizabeth de Clare. Tangu nilipomsoma sikutulia. Mwezi wa kumi mwaka jana, shangazi yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, nilimwambia nataka twende tukamtafute mtu.

"Ni wa kwetu?" akauliza.

"Hapana shangazi. Ni mjane wa Kiingereza. Alikufa mwaka 1360."

Alinitazama, kisha akaenda kutafuta sweta lake. Shangazi amekaa mjane tangu ujana wake, na neno hilo halimpiti hivi hivi.

Tulipanda treni Liverpool Street Jumamosi asubuhi, tukabadilisha Marks Tey na kuingia treni ndogo ya kwenda Sudbury. Mahali panapoitwa Chappel treni inapita juu ya daraja la matofali lenye matao 32, na bonde lote linafunguka chini yako, kijani tupu. Humo ndimo nilimosimulia.

Elizabeth alizaliwa Septemba 1295. Baba yake, Gilbert de Clare, alikuwa lodi wa Gloucester, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa Uingereza. Mama yake, Joan, alikuwa binti wa Mfalme Edward wa Kwanza, na aliitwa Joan wa Acre kwa sababu alizaliwa mji wa Acre, pwani ya Palestina, wazazi wake walipokwenda kwenye vita vya msalaba. Baba alifariki mtoto akiwa na miezi michache tu. Alipotimiza miaka 13 akaozwa kwa John de Burgh, mrithi wa ukoo mkubwa wa Ireland, na kaka yake Gilbert akaozwa kwa dada wa huyo huyo John, Maud. Koo mbili zilibadilishana watoto, na mali ikafungwa mafundo mawili.

John alikufa Ireland mwaka 1313 akamwachia mtoto wa kiume, William. Mwaka uliofuata kaka yake Gilbert akauawa vitani Bannockburn, Waingereza walipopigwa na Waskoti. Alikuwa na miaka 23 na hakuacha mtoto. Kifo hicho ndicho kilichogeuza maisha ya Elizabeth, maana sasa mali yote ya Clare, mashamba na ngome za Uingereza, Wales na Ireland, ilikuwa igawanywe kwa dada watatu: Eleanor, Margaret na yeye. Lakini Maud, mjane wa Gilbert, akasema ana mimba. Mirathi ikasimama. Ikasimama zaidi ya miaka miwili, mahakimu wakingoja mtoto ambaye hakuja.

Nilitegemea shangazi acheke. Hakucheka. "Maskini," alisema. "Aliogopa kutolewa ndani."

Katika kungoja huko, Elizabeth hakuwa mtu tena, alikuwa fungu la mirathi linalotembea. Mapema mwaka 1316 lodi mmoja, Theobald de Verdun, alimchukua Bristol na kumwoa bila idhini ya mfalme. Miezi sita haikutimia, Theobald akafa, akamwacha na mimba. Alikwenda kujifungulia Amesbury, kwenye nyumba ya watawa alikokuwa mama yake mdogo, Mary. Mtoto wa kike akazaliwa Machi 1317, akapewa jina la malkia, Isabella. Kwa desturi zetu angekuwa ndio kwanza anatoka eda. Yeye, wiki chache tu baadaye, aliozwa mume wa tatu, Roger Damory, kipenzi cha mfalme, kwa sababu mfalme alitaka hivyo. Mwaka huo huo, mwezi wa kumi na moja, mirathi ikagawanywa, na fungu lake likawa la kumwingizia zaidi ya pauni 2,000 kwa mwaka. Wakati huo kibarua alilipwa senti chache kwa kutwa.

Hapo treni ikafika Sudbury, tukasimama kungoja basi. Lilichelewa. Shangazi alijifunga mtandio akasema niendelee.

Mume wa dada yake mkubwa Eleanor alikuwa Hugh Despenser, mtu ambaye kwa miaka minne mfalme hakumnyima kitu. Hugh hakuridhika na theluthi ya mke wake. Alitaka na za mashemeji zake. Damory akaingia kwenye uasi dhidi yake, akafa mgonjwa huko Tutbury Machi 1322 waasi walipokuwa wakisambaratika. Elizabeth alikamatwa katika ngome yake ya Usk, Wales, akaletwa Barking, kwenye haya mawe ninayoyapita. Akiwa chini ya ulinzi akalazimishwa kubadilishana: atoe Usk, ardhi nzuri, apokee Gower yenye thamani ndogo. Kisha hata Gower Hugh akaipitishia mahakamani, ikamtoka. Washauri wake walikamatwa. Mfalme akamlazimisha kutia saini ahadi kwamba hataolewa wala kutoa ardhi yake bila ruhusa.

"Alitia mwenyewe?" shangazi akauliza.

"Alitia. Aliambiwa asipotia hatapata hata kile kilichobaki."

Hakusema kitu tena mpaka basi likaja.

Clare ni mji mdogo, kwetu pengine tungeuita kijiji. Ukishuka unaliona kanisa kubwa la Mtakatifu Petro na Paulo, halafu unateremka kidogo, na mbele yako kinasimama kilima kilichojengwa na watu kwa udongo, kikali kama kichuguu, na juu yake kipande cha ukuta wa mawe. Hiyo ndiyo ngome ya Clare, au kilichobaki. Chini yake, ndani kabisa ya uwanja wa ngome, kuna jengo la stesheni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1865 na kufungwa mwaka 1967. Walipitisha reli katikati ya nyumba ya Elizabeth. Niliumia kuona hivyo, ingawa leo pametulia, watu wanatembeza watoto na mbwa.

Njia inazunguka kilima mpaka juu. Nilimwambia shangazi anisubiri chini, magoti yake si mazuri. Akakataa. Tulipanda polepole, tukapumzika mara tatu, na kule juu upepo ulikuwa mwingi. Mto Stour unaonekana, mapaa ya mji, na ng'ambo ya mto miti ya nyumba ya watawa wa Augustino.

Mwaka 1326, tarehe 22 Mei, hapa Clare, Elizabeth alifanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo lililonitoa Barking. Aliandikisha kwa siri tamko: jinsi alivyokamatwa, alivyotenganishwa na washauri wake, alivyotishwa, na kwamba kila alichotia saini alitia kwa kuogopa, si kwa hiari, hivyo hakimfungi. Hugh alikuwa bado ana nguvu zote. Karatasi hiyo ingeonekana, angepoteza kila kitu, pengine na uhai. Hakuwa na jeshi wala mahakama ya kumsikiliza. Aliandika, akaweka, akangoja.

Hakungoja sana. Mwaka haukuisha, Malkia Isabella akavuka bahari na jeshi, mfalme akaangushwa, na Novemba Hugh Despenser akanyongwa Hereford. Usk ikarudi kwa mwenyewe. Dada yake Eleanor, mjane sasa naye, akafungwa katika ngome ya London. Sijui kama kuna maumivu kama hayo, haki yako kurudi kwa njia inayomfanya dada yako mjane. Tulizungumza sana juu ya Eleanor pale juu ya kilima. Shangazi alimwonea huruma kuliko nilivyomwonea mimi.

Elizabeth hakuolewa tena. Aliishi mjane miaka 38, na mwaka 1343 akaweka nadhiri ya kutoolewa mbele ya Mungu. Katika miaka hiyo ndipo alipokuwa Bibi wa Clare kwelikweli. Hesabu za nyumba yake zipo mpaka leo kwenye National Archives huko Kew, gombo kwa gombo: mkate uliookwa, bia iliyopikwa, samaki wa kukaushwa, mishumaa, nyasi za farasi, sadaka kwa maskini. Kila siku imeandikwa. Wanahistoria wanazipenda kwa sababu zinaonyesha nyumba ya kitajiri ilivyoendeshwa. Mimi naona mtu aliyekwisha kunyang'anywa mara moja, akaapa kwamba hakuna debe la shayiri litakalotoka tena bila yeye kujua.

Tulivuka daraja dogo kwenda kwa watawa. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1248 na babu yake, ikavunjwa karne ya 16, na watawa wakarudi mwaka 1953. Sehemu lilipokuwa kanisa la zamani sasa ni bustani iliyozungukwa na kuta chakavu, na humo alizikwa mama yake, Joan, mwaka 1307. Elizabeth alikuwa na miaka 11. Kaburi lenyewe halipo. Shangazi alisimama pembeni ya ukuta, mikono imekunjwa, midomo ikicheza. Sikumuuliza alisema nini.

Tulilala Cambridge. Jumapili asubuhi tulikwenda Clare College, kilicho kati ya barabara na mto Cam. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1326 kwa jina la University Hall, fedha zikakosekana, na mwaka 1338 Elizabeth akakichukua chini ya ulezi wake na kukipa jina la kwao. Mwaka 1359, akiwa mzee wa miaka 63, alikipa kanuni. Tauni kubwa ilikuwa imepita miaka kumi nyuma na kumchukua binti yake Isabella. Katika utangulizi wa kanuni hizo anataja watu wengi waliofagiwa na tauni, na anaiita elimu lulu isiyofaa kufunikwa. Akataka na vijana maskini wasomeshwe humo.

Majengo ya leo ni ya karne ya 17 na 18, lakini nembo ni yake. Upande mmoja ngao ya Clare, upande wa pili ya de Burgh, na pembeni mwa zote ukanda mweusi wenye matone. Wanasema ni machozi. Shangazi aliyahesabu kwa kidole, akapotea, akaanza upya.

Mwanawe William aliuawa Ireland mwaka 1333, ana miaka 20 tu, akaacha mtoto mmoja wa kike aliyeitwa Elizabeth kama bibi yake. Mjukuu huyo akaolewa na Lionel, mwana wa Mfalme Edward wa Tatu. Lionel alipopewa cheo mwaka 1362 aliitwa Duke wa Clarence, jina lililotokana na mji ule mdogo tuliotoka, na kwa kizazi chao wafalme wa ukoo wa York walidai kiti cha enzi karne iliyofuata.

Jioni treni ilitushusha Liverpool Street, tukatembea hadi Minories, karibu na Aldgate. Huko nje ya ukuta wa jiji palikuwa na nyumba ya watawa wa Mtakatifu Klara, na Elizabeth alijijengea makazi ndani yake. Alifariki Novemba 1360, akazikwa humo kama alivyoagiza kwenye wasia. Leo ni mtaa wa ofisi na hoteli, magari yanapita, hakuna hata jiwe lake. Jina la mtaa tu ndilo linalowakumbuka watawa hao.

Tulikaa kwenye benchi. Shangazi aliuliza ile karatasi ya siri ilikuwa ndefu kiasi gani, na nani aliitunza. Nikamwambia nakala yake ilibaki kwenye daftari la hati, ndiyo maana tunaijua.

Tukapanda treni ya Barking. Watu walikuwa wachache. Tulipopita Mile End shangazi akafungua mkoba wake, akatoa kalamu, akanipa.

"Una daftari?"

Nilikuwa nalo, lile la safari.

"Andika. Mume wangu alizikwa Jumatano. Jumamosi walikuja mashemeji zangu watatu, na karatasi ya shamba la minazi, na wino wa dole gumba. Andika majina yao. Nitakutajia mmoja mmoja."