Paipu ya oili ya boti yetu

Jana nimerudi Moshi kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu na paipu ya shaba mkononi, imepasuka pale pale kwenye nati. Ndiyo iliyokuwa inapeleka oili kwenye kipozeo cha injini ya dizeli ya boti yetu. Namshukuru Mungu kaka aliiona taa ya onyo ya presha ya oili akazima injini haraka, la sivyo beringi zingekwisha.

Shaba inapindika vizuri na haili kutu kama chuma, ndiyo maana tuliipenda. Lakini injini ikitetema kutwa nzima, shaba inazidi kukakamaa mpaka inapata ufa, hasa kwenye maungio.

Leo asubuhi nimeenda kwa fundi wa mipira ya haidroliki. Nilibeba na mpira wa maji, nikidhani utatufaa kwa muda. Akaniambia, "Mdogo wangu, huo weka kando kabisa." Oili ya injini inaweza kufika nyuzi joto 100 na zaidi, na mpira usiotengenezwa kwa oili huvimba, hulainika, kisha huachia. Amenikatia mpira wenye nitraili ndani, yaani aina ya mpira inayostahimili oili, na waya wa chuma uliosukwa, akabana vichwa kwa mashine, si kwa klipu. Bei imeuma, lakini nimelipa kwa moyo mweupe kabisa. Kaka yangu anashinda juu ya maji yale.

Kesho alfajiri nashuka nao bwawani. Wenye boti kule, tafadhali kagueni paipu zenu za shaba kabla hamjang'oa nanga.