Kumbukumbu ya mradi: GATA6, p63 na sampuli zisizokaa upande wowote

Orodha ya mutesheni, yaani mabadiliko ya DNA kwenye uvimbe, nimeiweka kando. Saratani ya kongosho inayoanzia kwenye mirija haigawanyiki vizuri kwa orodha hiyo: jeni ya KRAS imebadilika kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa, na nyuma yake zinafuata jeni zilezile, TP53, CDKN2A na SMAD4. Ninachosaka sasa ni jeni zipi zimewashwa, na protini gani imeshika swichi.

Nilianza na jeni 50 ambazo watafiti Moffitt na wenzake (2015) walizitumia kugawa saratani hii, 25 za aina ya klasiki na 25 za aina ya besali, ile kali zaidi. Kwenye klasiki, GATA6 na HNF4A, jeni za protini zinazowasha jeni nyingine, ziko juu, na seli bado zina tabia za tezi. Kwenye besali, GATA6 inashuka, KRT5 na KRT17, jeni za keratini, zinapanda, na seli zinaanza kufanana na za ngozi. Kongosho na keratini za ngozi wapi na wapi!

Data ni ya TCGA, mradi mkubwa wa Marekani wa jeni za saratani, na kabla ya yote ilibidi kuchambua mchele na chuya, maana mkusanyiko una sampuli ambazo si za saratani ya mirija. Ripoti yao ya 2017 ilitumia 150, na 76 tu ndizo zilizokuwa na seli za saratani kwa wingi. Uvimbe wa kongosho hujaa tishu ya kovu, hivyo RNA unayopima (nakala za jeni zilizowashwa) huenda ni ya fibroblasti, seli zinazotengeneza kovu, zaidi. Grafu ya GATA6 dhidi ya KRT17 kwa sampuli zote ni wingu tupu. Nikichuja kwa usafi, yaani wingi wa seli za saratani, mteremko unajitokeza.

TP63, jeni ya protini p63 ambayo nayo huwasha jeni nyingine, ndiyo inayoninyima usingizi. Sampuli nyingi zinasoma karibu na sifuri, chache ziko juu sana. Watafiti wa Cold Spring Harbor walionyesha mwaka 2018 kwamba ukiipa seli p63 isiyokuwa nayo, vipande vya DNA vinavyochochea jeni vinapangwa upya na tabia za besali zinawaka. Ukiiondoa kwenye BxPC-3, seli za saratani ya kongosho zinazokuzwa maabara, tabia hizo zinafifia. Lakini besali nyingi kwenye grafu yangu hazina p63 ya kutajika. Kwa hiyo kupoteza GATA6 na kupata p63 nitavihesabu kama vitu viwili tofauti, hata kama mara nyingi vinatajwa kwa pumzi moja.

Halafu kuna zile sampuli za katikati, zisizo klasiki wala besali waziwazi, ambazo naona ndizo tamu kuliko zote. Je, ni mchanganyiko wa seli za aina mbili, au kila seli imewasha jeni za aina zote mbili? Tafiti za seli mojamoja zimeshakuta hali zote mbili. RNA ya tishu nzima haiwezi kuzitenganisha, kwa hiyo nahamia data ya seli mojamoja. Kompyuta yangu italalamika. Nitapakia mgonjwa mmoja mmoja, nikianza na KRT17 ndani ya seli zenye GATA6.