Breki za Gokati Katika Hewa ya Pwani

Gokati ya mashindano, yaani kigari kidogo cha mbio, haina springi, haina difu (gia inayoyaruhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), na katika aina nyingi haina hata breki za mbele. Kazi yote ya kuisimamisha huachiwa diski moja iliyofungwa kwenye ekseli ya nyuma, kwa kawaida upande wa kushoto, ambayo hubanwa na pedi zilizo ndani ya kalipa, kibanio kinachosukumwa kwa mafuta kutoka silinda kuu iliyo karibu na pedali. Ni zile zenye gia tu ambazo kanuni za kimataifa huzilazimisha kuwa na breki mbele na nyuma. Kwa kuwa ekseli ni kipande kimoja, breki ikishika vibaya magurudumu yote mawili ya nyuma hugoma kwa pamoja, na mkia wa gari hutaka kutangulia mbele. Nawaandikia wenzangu wa Mombasa wanaozitunza gokati zao wenyewe, kwa sababu miongozo tunayoisoma huandikwa Ulaya, kwa watu ambao hewa yao si hewa yetu, na naamini huku kwetu breki huharibiwa zaidi na unyevu na chumvi kuliko na mbio zenyewe.

Tuanze na mafuta ya breki. Mafuta ya aina ya DOT 4 na DOT 5.1 (DOT ni alama ya viwango vya mafuta ya breki) hufyonza maji kutoka hewani, na kiasi kidogo tu cha maji hushusha sana joto ambalo mafuta hayo huchemkia. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishafyonza maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155, DOT 5.1 huanzia 260 na kushuka hadi 180. Chombo cha mafuta cha gokati ni kidogo mno, kwa hiyo hata unyevu usio mwingi huwa sehemu kubwa ya kilichomo. Mtu wa nchi kavu anaweza kubadilisha mafuta kwa kuhesabu mashindano. Mimi nahesabu majira: nayabadilisha masika yakiisha, hata kama gari limekaa bandani muda wote, na nayabadilisha tena kabla ya joto la kaskazi. Chupa iliyofunguliwa na kubaki nusu siirudishi kabatini kusubiri mwezi ujao, kwa kuwa mafuta yaliyomo yanaendelea kunywa hewa ya bahari kila kifuniko kinapofunguliwa.

Aina ya mafuta si jambo la kuchagua kwa bei wala kwa kinachopatikana dukani. Ziko breki zilizoundwa kutumia DOT na ziko zinazotumia mafuta ya madini, na mpira wa sili (vizuizi vya mafuta yasivuje) za hizi si mpira wa sili za zile. Ukikosea, sili huvimba au huharibika, na kalipa nzima hufunguliwa upya. Tena DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganyiki na DOT 5.1, ijapokuwa majina yao yanafanana kiasi cha kumpoteza mnunuzi. Soma kilichoandikwa kwenye kifuniko cha silinda au kwenye kitabu cha mtengenezaji, na usikubali neno la muuzaji peke yake.

Kutoa hewa iliyoingia kwenye mirija ya breki za gokati kunahitaji subira, maana mirija yake hulala karibu sambamba na ardhi na viputo hupata mahali pa kujificha. Njia ninayoiamini ni hii: kwanza naondoa mafuta machafu kwa njia ya kawaida, kupitia skurubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa, ili uchafu wa chini usisukumwe kwenda kwenye silinda kuu. Kisha nainua pua ya gari, naunganisha bomba la sindano safi kwenye kalipa, na kuyasukuma mafuta mapya polepole kutoka nyuma kwenda mbele, huku mtu mwingine akitazama chombo kisifurike. Viputo vikubwa hutoka mwanzoni kwa fujo. Baada ya hapo huja vidogo sana, vimoja vimoja, ambavyo asiye makini hudhani si kitu. Hivyo ndivyo vinavyoifanya pedali ibonyee. Nagonga kalipa taratibu kwa mpini wa bisibisi mpaka viishe. Mafuta yakimwagika kwenye fremu yaoshwe kwa maji mara moja, kwani hubandua rangi.

Sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote ni upimaji wa nafasi. Fimbo inayounganisha pedali na silinda kuu lazima icheze kidogo, milimita moja hivi, kabla ya kuanza kuisukuma pistoni. Vijana wengi huiondoa nafasi hiyo kwa kuikaza fimbo, wakitaka breki ishike mapema, na mwanzoni huonekana imekuwa nzuri kweli. Lakini ndani ya silinda kuna tundu dogo ambalo mafuta hupitia kurudi kwenye chombo pedali inapoachiwa. Pistoni ikizuiwa isirudi mwisho, tundu hilo hubaki limezibwa. Mafuta yakipata joto hutanuka, yanakosa pa kwenda, na kuzisukuma pedi dhidi ya diski. Diski inayosuguliwa huongeza joto, joto huongeza msukumo, na baada ya mizunguko michache gari linaburuza breki lenyewe, na dereva analalamika kwamba injini imechoka. Ikiwa pedali iko mbali na mguu, rekebisha skurubu inayoizuia pedali isirudi nyuma, kisha upime fimbo upya. Usiikaze fimbo kufidia pedi zilizolika. Pedi zilizolika hufidiwa kwa vibati vyembamba nyuma yake, pande zote mbili sawa, ikiwa kalipa si ya aina inayojirekebisha yenyewe.

Diski nayo ikae katikati ya pedi. Naweka karatasi nyeupe nyuma ya kalipa, naizungusha ekseli kwa mkono na kuutazama mwanga pande zote mbili za diski. Mwanga ukipungua na kuongezeka kadiri inavyozunguka, diski imepinda au kishikio chake kimelegea, na hapo nakagua boliti zake kabla ya kuilaumu diski.

Kijana anayenisaidia aliniuliza asubuhi moja, "Ami, mbona diski ina kutu na jana tumeisafisha?" Swali zuri. Chuma kisicho na rangi hakilali usiku mmoja hapa Bamburi, kando ya bahari, bila kushika wekundu, na utando huo mwepesi huondoka kwa breki chache za kwanza. Kinachonisumbua ni vishimo ambavyo kutu hula taratibu, na boliti za chuma zilizoingia kwenye kalipa ya alumini, ambazo chumvi huzigandisha mpaka hazifunguki. Kwa hiyo gari lisioshwe kwa maji ya kisima chenye chumvi, kama tulivyozoea katika nyumba nyingi za hapa, bali kwa maji ya mfereji, na likaushwe vizuri. Kabla ya kuzirudisha pistoni za kalipa ndani ili kuweka pedi mpya, sehemu zake zilizojitokeza zisafishwe kwa spiriti, la sivyo mchanga laini wa pwani huingia nazo na kuzikwaruza sili.

Mafuta ya cheni ni adui mwingine. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halisimami, mara nyingi pedi zimeingia mafuta au zimeng'aa kwa joto. Zilizong'aa huweza kusuguliwa kwa msasa. Zilizonyonya mafuta mimi nazitupa. Pedali inayozama taratibu ukiikanyaga bila kuiachia inaonyesha kwamba sili za silinda kuu zimekwisha.

Mwisho, kabla dereva hajaketi, nakagua muunganisho wa pedali na silinda. Kanuni za kimataifa za mchezo huu zinataka uwe maradufu, yaani fimbo ikikatika kuwe na kebo ya kuishika kazi hiyo, na kebo hiyo isiwe nyembamba kuliko milimita 1.8. Naipitisha kebo kati ya vidole kwa kitambaa, taratibu, hasa pale inapopinda na pale inapobanwa, kwa sababu kutu huanzia ndani ya nyuzi zake. Uzi mmoja ukinasa kwenye kitambaa, kebo nzima hubadilishwa, na gari haliingii uwanjani mpaka nyingine ifungwe.