Breki Zilikuwa Nzima

Msimu wa tumbaku wa 2016 gereji yetu pale Tabora haikupumua. Malori yalitoka Urambo na Kaliua yamejaa marobota, yanapita kwetu kukazwa hiki na kile, kisha yanashika njia ya Nzega, Igunga na Singida hadi Morogoro viwandani. Katikati ya Igunga na Singida kuna mlima Sekenke, na sijaona dereva mwenye akili timamu anayeupanda na mzigo huku ana wasiwasi na breki. Kwa hiyo kazi yetu kubwa miezi ile ilikuwa breki.

Fuso ninayoisimulia, breki zake hatukuzigusa sisi. Zilitengenezwa gereji nyingine, magurudumu yote ya nyuma: laini mpya, yaani vile vipande vinavyosugua, zikapigwa ribiti, dramu (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) mbili mpya, nyingine zikapelekwa kukerezwa. Dereva, mtu wa makamo, aliingia asubuhi na uso wa mtu ambaye hakulala.

"Mwangaluka, Mzee. Gari inanitikisa tangu waishike breki. Nikifika sitini tu, kiti kinacheza. Hizi dramu feki, mwambie tajiri akusikie wewe, mimi hanisikii."

Tajiri akapigiwa simu. Alitaka dramu za zamani zirudishwe, kumbe zilishauzwa skrepa. Utingo naye akaleta lake: senta beringi, ile inayoshika propela shafti katikati, imekufa. Kila mtu pale alikuwa na ugonjwa wake mfukoni, na magonjwa yote yalihusu kununua kitu kipya.

Mzee, bosi wangu, alikuwa na tabia ya kuacha watu waongee mpaka waishiwe. Walipoishiwa akamgeukia dereva. "Baba, ukikanyaga breki, inazidi au inabaki vilevile?"

Dereva akafikiri. "Inabaki vilevile. Tena breki zenyewe zinakamata vizuri kuliko mwanzo."

Hapo nusu ya kesi ilikuwa imekwisha, ingawa mimi wakati ule sikuliona hilo haraka kama yeye. Dramu iliyopoteza uduara inajionyesha mguu ukiwa kwenye kanyagio: shuu, vyuma vilivyobeba laini, zinapanda na kushuka, gari linashika na kuachia. Ukiondoa mguu, shuu zinaachana na dramu, mtikisiko unakwisha. Hili la kwetu lilitikisika mguu ukiwepo na usipokuwepo. Ni kweli dramu isiyo na uzito sawa pande zote inaweza kutikisa gari hata bila breki, lakini hiyo tuliiweka pembeni kwanza.

Tukalitoa barabarani kuelekea Puge, na mzigo wake juu. Mzee alikaa upande wa utingo, mimi katikati. Dereva alipofika sitini kiti kikaanza. Mzee akanyoosha mkono akaugusa usukani kwa vidole viwili. Umetulia. Basi si magurudumu ya mbele. Kisha akaniuliza, "Unausikia mmoja mmoja, au unavuma?"

Nilikuwa nausikia mmoja mmoja, duk-duk-duk, chini ya makalio. Na swali lile lina hesabu yake. Tairi la Fuso kama ile likizunguka mara moja linakula mita tatu na kitu, kwa hiyo kwenye kilomita 70 kwa saa linazunguka kama mara sita kwa sekunde. Propela shafti, chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini nyuma, kwa sababu ya meno ya difu inazunguka mara kadhaa zaidi ya hapo. Ingekuwa krosi, kiungo cha hiyo shafti, au senta beringi ya utingo, tungesikia mvumo unaotia ganzi mguuni, si mapigo. Mzee hakusema haya yote, alisema tu, "Rudi gereji, tupige jeki."

Tuliinua ekseli za nyuma upande mmoja mmoja, tukaweka stendi, tukamfunga utingo mdomo kwa kumpa kazi ya kuzungusha tairi kwa mkono. Mimi nilisimamisha nondo chini, ncha yake ikikaribia ubavu wa tairi bila kugusa. Magurudumu ya kulia yalipita sawa. Kushoto, ekseli ya kwanza ya nyuma, tairi lilikuja likagusa nondo, likaondoka, likarudi. Lilikuwa likiyumba zaidi ya nusu sentimita.

Mzee akachukua nyundo ndogo akagonga nati moja moja. Mbili zilitoa sauti nzito, iliyokufa. Tukafungua. Kwenye magari haya ya Kijapani nati za kushoto zinafungwa kinyume, na kuna nati za nje na za ndani, tairi la ndani lina zake. Nimeona stadi nyingi, zile bolti zinazoshika tairi, zikikatwa na vijana wenye nguvu wasiojua hilo. Rimu zilitoka, zote mbili zimenyooka. Dramu ikabaki. Tukairudishia nati nne na washa ikae kama ilivyokuwa imebanwa, tukazungusha tena. Ikayumba yenyewe.

"Si nilisema!" Dereva akapiga makofi. "Dramu feki!"

Tukaivuta dramu. Ndani, upande mmoja chuma kiling'aa karibu na mdomo, upande wa pili kiling'aa karibu na kina. Dramu nzima iliyokaa mshazari. Nikapitisha kidole kwenye flenji ya habu, uso bapa wa kitovu cha gurudumu mahali dramu inapokaa, kati ya stadi mbili zile zile zilizolia vibaya, nikakwama kwenye kitu. Kilitoka kwa bisibisi. Kilikuwa ribiti ya laini ya zamani, shaba, imebanwa mpaka imekuwa bapa, upande mmoja umechapwa mikwaruzo ya flenji, bado ina grisi. Bila shaka walipong'oa laini za zamani ilirukia kwenye habu, grisi ikaishika, dramu mpya ikafungwa juu yake.

Unene wake ulikuwa kama milimita moja na nusu. Duara la stadi zile lina milimita 285, tairi lina kimo cha zaidi ya mita moja, kwa hiyo upogo wa kwenye habu ukifika ukingoni mwa tairi umekuwa karibu mara nne. Kilichonitisha zaidi ni nati. Ribiti ilikuwa inaendelea kubonyea kila kilomita, nati zinapoteza mkazo, na stadi zingeanza kukatika, pengine kule kule mlimani.

Tulipiga brashi ya waya flenji, tukarudisha dramu ile ile iliyoitwa feki, tukakaza nati kwa kukingamana badala ya kuzifuata kwa duara. Torki renchi hatukuwa nayo. Mzee alitumia bomba la mita moja na mimi niliyekuwa na kilo sitini nikining'inia kwenye ncha, jambo linalotoa karibu niutoni-mita 600. Nondo ikasimama, tairi likapita.

Tajiri alipoambiwa akauliza kwenye simu, tukisikia wote, kwa nini alipie pesa yote hiyo kwa ribiti moja iliyotolewa. Mzee akapunguza kidogo, kwa ajili ya dereva. Akamsisitizia akaze tena nati akifika Nzega. Jioni dereva alipiga simu: chache zilikubali robo mzunguko, kiti kimetulia, na atalala Igunga, Sekenke ataupanda asubuhi.