Surua ya Januari

Kila Krismasi ukoo wa shemeji yangu hukutana nyumbani kwao Marangu, kama walivyo Wachaga wengi. Mwaka 1995 nyumba ilijaa hadi watoto wakalazwa sebuleni kwenye magodoro yaliyopangwa ukuta hadi ukuta. Mmoja wao, aliyekuja na wazazi wake kutoka Dar es Salaam, alikuwa na mafua, kikohozi na macho mekundu. Desemba mlimani kuna ubaridi, na mafua ya mtoto hayamshtui mtu. Upele ulimtoka wakiwa wamesharudi kwao. Ndivyo surua ilivyo: mgonjwa huanza kuambukiza kama siku nne kabla upele haujaonekana, na hata akitoka chumbani, virusi vinaweza kubaki hewani kwa muda unaofika saa mbili.

Baraka, mtoto wa dada yangu, alikuwa na miezi minane. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akitimiza tisa.

Nilikuwa nikiishi kwao Pasua, nikisoma. Katikati ya Januari, joto la Moshi likiwa kali, Baraka akashikwa na homa, kikohozi na macho ya kutoa machozi. Zahanati, tabibu hakuharakisha kuandika dawa. Aliwasha tochi, akamfunua shavu kwa ndani, akatuita tutazame: vidoa vyeupe vidogo kama chembe za chumvi kwenye wekundu.

"Hii ni surua, mama Baraka. Kesho au keshokutwa utaona upele, utaanzia nyuma ya masikio na usoni, kisha utashuka."

Akaeleza kwamba hakuna dawa ya kuua virusi vyenyewe. Panado ya homa, mtoto anyonye kila anapotaka, anywe maji ya kutosha, na arudishwe upesi akianza kupumua haraka, kukataa ziwa au kulegea. Upele ukatoka kama alivyosema.

Mama mkwe wa dada akashuka kutoka Marangu siku hiyo hiyo aliposikia. Alitaka dirisha lifungwe, mtoto afunikwe blanketi na asiogeshwe, upele usije ukarudi ndani. Dada hakubishana naye. "Sawa mama," alijibu, kisha akawa anamfuta Baraka kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kumsafisha macho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Alikataa jambo moja tu, na kwa heshima: kumtia mtoto chochote machoni. Nilimwona yule mama akiumia. Jioni akanisimulia kwamba alizika watoto wawili wa surua, kabla ya mwaka 1975 ulipoanza mpango wa taifa wa chanjo.

"Hawakufa na upele, mwanangu. Walikufa upele ukiisha."

Sijawahi kusikia surua ikielezwa vizuri kuliko hivyo, na maneno hayo yalitoka kwa mtu ambaye hakusomea udaktari.

Upele ukaanza kuwa mweusi na ngozi kubanduka. Majirani wakaja kutupa pole na kusema mtoto ameshavuka. Homa ilikuwa imeshuka, ikapanda tena usiku. Alfajiri ni yule bibi aliyetuamsha. Alikuwa amemfunua Baraka kifuani, taa ya chemli mkononi. "Umerudi ndani. Twendeni hospitali." Kila mtoto alipovuta pumzi, sehemu ya chini ya mbavu ilikuwa ikibonyea.

Pale Mawenzi nesi alingoja Baraka atulie asilie, akatazama saa yake dakika nzima akihesabu pumzi. Sitini na mbili. Kwa mtoto wa umri ule, alituambia, hamsini tu tayari ni hatari, na kifua kikibonyea ni kichomi kikali. Virusi vilikuwa vimedhoofisha mwili, bakteria wakapata njia ya mapafu. Hapo sasa dawa ilikuwepo: sindano za penisilini kila baada ya saa sita, na oksijeni. Akachukua kidonge laini cha bluu cha vitamini A, akakikata ncha kwa mkasi, akakamulia mdomoni, na kesho yake tena. Vitamini ile hulinda macho ya mtoto mwenye surua yasipofuke, na hupunguza vifo. Nilishangaa kitu kidogo namna ile kufanya kazi kubwa hivyo, na bado nashangaa.

Bibi alikaa kwenye benchi la wodi usiku na mchana, akihesabu pumzi za Baraka kwa midomo. Nesi alipomwona akamfundisha kuhesabu kwa saa.

Tuliporuhusiwa, tuliambiwa surua huacha kinga ya mwili ikiwa dhaifu kwa miezi kadhaa, na homa yoyote tusiidharau. Machi sikio la kushoto la Baraka likaanza kutoa usaha. Majirani walisema ni la kawaida kwa watoto, litakauka. Dada alimfunga mgongoni, bibi akachukua mwavuli, wakaondoka kwenda Mawenzi kabla ya chai.