Nyanya za chupa huku juu Iringa: dakika 45, si 35

Nyanya za bustanini haziivi kwa zamu. Kuanzia Agosti matuta mawili ya nyanya aina ya Tanya yananipa ndoo ya lita 20 kila baada ya siku nne au tano, na wakati huo sokoni hakuna anayezitaka kwa bei ya maana. Ukipita Ilula, mji mdogo hapa mkoani Iringa, unaona matenga yamepangwa kando ya barabara mpaka ya chini yameanza kutoa maji. Mvua zikishika na ukungu ukaingia mashambani, fungu la nyanya tatu ndogo linauzwa bei ambayo Agosti ungepata sado nzima. Ndiyo maana nazifunga kwenye chupa zikae kabatini bila friji. Naandika hapa ninavyofanya, pamoja na vipimo, kwa sababu maelekezo mengi tunayopeana majikoni yanaruka mambo mawili ambayo ndiyo yanayoamua kama chupa ile ni chakula au sumu: asidi, na mwinuko wa mahali unapoishi.

Asidi kwanza. Udongoni kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka hata ukichemsha saa nzima, na zikijikuta ndani ya chupa isiyo na hewa zinaamka na kutengeneza sumu ambayo huwezi kuiona wala kuinusa. Kinachozizuia ni uchachu. Chakula chenye pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka uchachu unapanda) ya 4.6 au chini ya hapo haziwezi kuota ndani yake. Nyanya ziko mpakani kabisa: nyingi ziko chini kidogo ya 4.6, nyingine zimevuka, na kwa ulimi huwezi kuzitenganisha. Zilizoiva kupita kiasi na zilizochumwa kwenye mmea uliokwisha kufa huwa na asidi pungufu. Kwa hiyo kila chupa inapata ndimu ya unga, ile ile inayotiwa kwenye ubuyu: robo kijiko cha chai kwa chupa ya nusu lita, nusu kijiko kwa chupa ya lita moja. Natumia kijiko cha kupimia cha mililita 5 na kusawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Naitia moja kwa moja ndani ya kila chupa, si kwenye sufuria, ili nisiwe na shaka kwamba moja imepata nyingi na nyingine imekosa. Maji ya limau ya dukani, yaliyofungwa chupani kiwandani, yanafaa pia, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita. Ndimu ya kukamua mwenyewe siitegemei, kwani uchachu wake hubadilika tunda kwa tunda.

Ukiona mchuzi utakuwa mkali, tia sukari kidogo; sukari hupoza ladha tu, asidi inabaki pale pale. Magadi usiguse. Najua wengi wetu tunatia magadi kidogo kwenye nyanya ili zisiwe chachu na ziive haraka, na kwenye sufuria ya leo hakuna ubaya, lakini kwenye chupa ya kukaa miezi umeondoa ule ulinzi pekee uliokuwa nao. Vivyo hivyo kitunguu, kitunguu saumu, karoti na hoho: havina asidi ya kutosha na vinapandisha pH ya chupa nzima. Mafuta nayo yanaacha utelezi kwenye mdomo wa chupa na kuharibu kufunga. Mimi nafunga nyanya tupu na chumvi. Viungo vingine vinaingia siku ya kupika.

Sasa mwinuko. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Kila unapopanda mita 300 hivi, unapoteza karibu nyuzi moja. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 95 hivi, na hata ukiongeza mkaa hadi jiko liwe jekundu hayapandi zaidi ya hapo, yanaishia kuwa mvuke tu. Chupa inayochemka hapa inapata joto dogo kuliko ile ya pwani, na upungufu huo unalipwa kwa muda. Kwa chupa za nusu lita za nyanya zilizopondwa: pwani dakika 35; Morogoro, na kwingine kokote kati ya mita 300 na 900, dakika 40; kuanzia 900 hadi 1,800, ndiko ziliko Dodoma, Arusha, Iringa na Mbeya, dakika 45; juu zaidi, kama Njombe au Eldoret, dakika 50. Chupa ya lita moja ongeza dakika 10 kwa kila mahali. Maelekezo mengi huandikwa kwa wakaao usawa wa bahari bila kusema hivyo, na mtu wa Njombe akiyafuata anatoa chupa robo saa kabla hazijaiva.

Nyanya ninazochagua ni zilizoiva lakini bado ngumu mkononi. Tanya na Tengeru 97 zina nyama nene na maji kidogo, kwa hiyo chupa inajaa nyanya badala ya juisi. Kila moja naigeuza. Yenye tundu la kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya, naiweka pembeni, kwa sababu ndani ya tundu dogo lile kuna njia iliyojaa kinyesi cha funza na mara nyingi uozo umeshaanza. Yenye kidonda laini vilevile. Kukata sehemu mbovu na kutumia inayobaki ni sawa kwa mboga ya jioni, si kwa chupa. Ndoo yangu ya lita 20 inabeba kilo 12 hadi 13, nikishachambua na kumenya napata chupa 17 au 18 za nusu lita.

Chupa ni za glasi, za mdomo mpana, zenye mifuniko ya bati iliyozungushiwa mpira ndani. Chupa za jamu zilizotumika zinafaa kama mdomo hauna ufa. Pitisha kidole kavu taratibu ukingoni, hata mkwaruzo mdogo utausikia. Mifuniko nanunua mipya kila mwaka kwenye maduka ya vifungashio. Mpira uliokwisha kubanwa una alama ya mduara, na safari ya pili hauketi tena mahali pale pale. Hapa ndipo watu wengi wanapobana matumizi, na ndipo nilipopoteza chupa nyingi kuliko kwingine kokote.

Namenya kwa kuzitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, mpaka ganda lipasuke, kisha kwenye maji baridi. Ganda linatoka kama soksi. Naondoa kikonyo na sehemu ngumu chini yake, nakata vipande vinne.

Hatua inayofuata naisisitiza kwa sababu wengi wetu tumezoea kukwaruza nyanya mbichi zote kwenye beseni halafu ndiyo tuweke jikoni. Ukifanya hivyo, chupa zako zikipoa zitakuwa na tabaka mbili, maji ya manjano chini na nyama imeelea juu. Nyanya ikikatwa au kupondwa ikiwa mbichi, kimeng'enya kilichomo kinaanza papo hapo kuvunja ile pektini inayoshikamanisha nyama na maji. Joto la haraka ndilo linalokiua. Kwa hiyo naweka sufuria kwenye moto mkali, natia sehemu moja tu ya sita ya vipande, naviponda kwa mwiko huku vikichemka, halafu naongeza vilivyobaki kidogo kidogo bila kuacha sufuria itulie. Hivi vya baadaye havihitaji kupondwa, vinalainika vyenyewe. Zikishaingia zote, dakika tano za kuchemka taratibu zinatosha. Sufuria iwe ya chuma cha pua. Ya alumini inaliwa na asidi na kuacha ladha ya bati, ingawa kwa kuchemshia chupa haina neno.

Chupa zinakuwa zinasubiri ndani ya maji moto, kwani nyanya inayochemka ikimwagwa kwenye glasi baridi kitako kinakatika duara safi kama kimekatwa na msumeno. Natia ndimu ya unga, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha nyanya moto mpaka ibaki nafasi ya sentimita moja na kidogo chini ya mdomo. Nafasi hii ipimeni. Ikiwa ndogo, nyanya zinafura na kusukuma mbegu chini ya mpira. Ikiwa kubwa, hewa haitoki yote. Napitisha kijiti cha mwanzi ukutani mwa chupa kutoa mapovu, naongeza nyanya zikipungua, nafuta mdomo kwa kitambaa safi chenye unyevu, nafunga kwa nguvu ya ncha za vidole tu. Ukikaza kwa kiganja, hewa ya ndani inakosa pa kutokea.

Sufuria ya kuchemshia ni ile ndefu ya shughuli. Chini naweka wavu, au kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne, maana chupa ikigusa kitako cha sufuria inapasuka. Chupa zisigusane. Maji ya moto yafunike mifuniko kwa sentimita tatu hadi tano, na birika lingine liwe linachemka pembeni la kuongezea. Saa inaanza kuhesabiwa maji yanapochemka kwa mapovu makubwa, si unapoweka chupa. Kwa mkaa kuna mtego: jiko likizubaa dakika ya 30 na mapovu yakakoma, unachochea, unasubiri yachemke tena, na unahesabu 45 upya kuanzia sifuri. Inauma, lakini dakika zilizopita hazihesabiki. Mimi naanza na jiko lililojaa mkaa ulioshika vizuri, na sufuria naifunika muda wote.

Muda ukiisha, epua, funua, acha chupa zitulie ndani ya maji dakika tano. Ukizinyanyua haraka, zinatema juisi na kuchafua mpira. Zipange juu ya kanga iliyokunjwa, mbali na upepo wa dirishani, usizigeuze wala kuzikaza. Zikipoa utasikia «tik», kitovu cha mfuniko kinaingia ndani. Kesho yake nabonyeza kila kimoja kwa kidole. Kinachocheza juu chini hakikufunga. Chupa hiyo inaliwa siku hiyo hiyo. Kuna wanaojaza nyanya moto, kufunga na kupindua chupa kichwa chini bila kuchemsha tena. Mfuniko unaweza kunasa kweli, lakini nyanya za ndani hazikupata joto la kutosha kuua ukungu na chachu, na kunasa kwenyewe ni kudhaifu. Siifuati njia hiyo, na naomba usiifuate.

Njia hii ni ya nyanya na matunda yenye uchachu. Maharage mabichi, karoti na mboga za majani hazifungwi chupani kwa maji yanayochemka, hata kwa saa tatu, kwa sababu zinahitaji joto la nyuzi 116 au zaidi kwenye mtambo maalumu wa presha. Hizo nazikausha. Majani ya kunde nayatumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu, nayapoza, nayatandaza kivulini penye upepo juu ya wavu. Jua kali linaunguza vitamini A na rangi. Yakivunjika kama karatasi yako tayari. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na nsansa yao, yaani mboga za majani zilizokaushwa, kabla ya friji yoyote.

Nyanya zinazobaki baada ya chupa kuisha nazikausha pia, vipande vya milimita sita au saba, chumvi kidogo juu, chini ya kitambaa cha chandarua. Kiangazi cha Iringa ni kikavu, siku tatu au nne zinatosha, ila jioni lazima ziingizwe ndani kwa sababu ya umande. Kipande kilichokauka kinapinda kama ngozi na ukikibana hakitoi tone. Weka kwenye chupa kavu wiki moja, tikisa kila siku. Ukiona jasho kwenye glasi, zirudishe juani siku hiyo hiyo, la sivyo kesho yake utakuta ukungu.

Chupa zinakaa kabatini gizani, zimebandikwa tarehe, na nazimaliza ndani ya mwaka. Kabla ya kufungua natazama: mfuniko uliovimba, nyanya zinazotoa mapovu, juisi iliyochuruzika pembeni. Mojawapo ikionekana, chupa inafukiwa ikiwa imefungwa, mbali na kuku na mbwa, na hakuna kuonja. Iliyo nzima inavuta hewa kwa sauti fupi inapofunguliwa, na naichemsha dakika kumi kabla ya kuila. Ikishafunguka, ndani ya nyumba isiyo na friji, iishe siku hiyo. Kwa mboga ya watu watano nusu lita inatosha sawasawa, ndiyo sababu chupa za lita moja nimeziacha.